Mzee wa Kijiji Kipi?

Swali lenyewe ni fupi, tena huulizwa kwa adabu. Mzee amefika kituo cha afya alfajiri, watu wamempisha kwenye foleni kama tangazo la ukutani linavyoagiza, ameamkiwa shikamoo na kila aliyempita. Anafika dirishani. "Mzee wangu, wewe ni wa kijiji kipi?" Hapo ndipo anaposita. Amezaliwa kwingine, amelima kwingine, mke amemzika kwingine, na sasa analala kwa binti yake aliyeolewa huku. Jibu la kweli ni refu kuliko nafasi iliyoachwa kwenye fomu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kwa umri: miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya 2007 inataka mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Hakuna inayosema kwamba ni lazima mtu azeekee pale alipozaliwa. Lakini kitambulisho cha matibabu hutolewa na halmashauri, halmashauri hupokea orodha kutoka kijijini, na orodha ya kijiji huandikwa kwa kumuuliza mwenyekiti wa kitongoji: huyu unamfahamu? Mzee aliyehama hushindwa hapo, kwa kuwa hana wa kumsemea.

Na huku kwetu Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ni nchi ya watu waliohama. Wairaqw waliteremka kutoka vilima vya Kainam, wakaenea Karatu, Babati na nyanda za Hanang. Wabarabaig wamefuata malisho hadi Morogoro na Mbeya, na baadhi yao hurudi uzeeni. Wanyiramba, Wanyaturu na Wanyisanzu wamevuka kutoka upande wa Singida. Yaeda Chini wapo Wahadzabe, ambao walikuwapo kabla ya wote na mara nyingi huhesabiwa mwisho. Wataalamu wa lugha huisifu sana sehemu hii, kwa kuwa Kikushi, Kiniloti, Kibantu na lugha ya Kihadza isiyo na ndugu vinasikika katika eneo moja dogo. Kwa bibi mwenye maumivu ya tumbo, sifa hiyo haimsaidii kumwambia tabibu panapouma.

Basi nimewakalisha watu sita chini ya mgunga mmoja, kando ya uwanja wa mnada. Hawana majina, na mkutano huu nimeutunga mimi. Hoja zao sikuzitunga. Ukikaa na wazee wa huku utazisikia zote, hata zile zinazogongana.

AFISA USTAWI WA JAMII: Nianze mimi, maana najua lawama zitaishia kwangu. Simfukuzi mzee yeyote. Ila msamaha wa matibabu si maneno matupu. Mzee akitibiwa bure, dawa aliyopewa imenunuliwa. Kituo kinategemea makusanyo yake kununua dawa nyingine, na mwenye msamaha hachangii. Bajeti nimepangiwa kwa idadi ya wazee wa halmashauri hii. Wakija wa halmashauri ya jirani, wa Singida, wa Karatu, nitawahudumia kwa fungu la nani?

MZEE WA KIBARABAIG: Mwanangu, umesema wa jirani. Mimi ni wa jirani?

AFISA USTAWI: Mzee wangu, sikukusudia wewe.

MZEE: Mwaka jana nilipofika ofisini kwenu niliambiwa nirudi nilikotoka nikalete barua. Nilikuwa nimetoka Kilosa, nilikokaa na ng'ombe miaka mingi. Lakini Kilosa nilikwendaje? Nilizaliwa hapa chini, upande wa Basotu. Yalikuja matrekta. Nilikuwa kijana wa kuchunga ng'ombe wakubwa, si ndama tena. Tuliambiwa hapa patalimwa ngano. Njia za maji zikafungwa, malisho yakafungwa, makaburi ya wazee wetu yakalimwa juu. Tukaondoka. Sasa nimerudi nikazikwe kwetu, naulizwa barua ya kunitambulisha.

Hapa inabidi nimkatize mzee kidogo, kwa sababu vijana wengi wa mji wa Katesh, Hanang, leo wanayajua mashamba ya ngano kama mandhari tu. Shirika la taifa la kilimo na chakula, NAFCO, lilianza kulima ngano Hanang mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa msaada wa Canada mashamba yakafika saba, jumla yake karibu ekari laki moja: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Ilikuwa ardhi bora ya malisho ya Wabarabaig. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa haki wanakijiji mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule.

Msomaji apime uzito wa hoja hiyo. Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1985 aliambiwa hakuthibitisha kuwa mwenyeji. Leo ni mzee, amefika kwenye dirisha la dawa ya presha, na anatakiwa kuthibitisha jambo lile lile. Ndiyo maana siwezi kuiona barua ya utambulisho kama karatasi ndogo.

DIWANI: Historia hiyo naikubali, mzee wangu, na inauma. Lakini tusichanganye ardhi na dawa. Mimi nakaa kwenye baraza la madiwani. Tukifungua mlango kwamba kila anayesema ni mzee wa hapa aandikwe, nakuhakikishia wataandikwa watu wa miaka 50 na wenye ng'ombe mia tatu. Kijiji kikimjua mtu, kinajua pia kama ana uwezo au hana. Ndiyo faida ya orodha kutoka chini.

MUUGUZI: Mheshimiwa, orodha kutoka chini naiheshimu, lakini chini ni kwa nani? Mkutano wa kijiji unaitwa, wanakuja wenye nguvu ya kutembea na wenye ulimi wa kusema. Ajuza aliyehamia kwa mwanawe miezi minane iliyopita haji. Akija, mkutano unaendeshwa kwa Kiswahili, yeye anajua Kiiraqw peke yake. Jina lake litatajwa na nani?

DIWANI: Mwanawe.

MUUGUZI: Mwanawe yuko Mirerani anachimba. Aliyebaki nyumbani ni mkamwana na watoto.

MJUKUU: Hata sisi wajukuu tupo, nesi. Mimi bibi yangu nampeleka kwa pikipiki kila mwezi. Nilimwandikisha kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, kijiji cha zamani kule juu, akawa mlengwa, akapata ruzuku. Alipohamia kwetu baada ya babu kufariki, ukaja uhakiki. Wakasema kaya imehama, jina likatolewa. Huku kwetu wakasema orodha imeshafungwa, asubiri awamu nyingine. Sasa umaskini wake ulibaki kule juu au alikuja nao?

AFISA USTAWI: Kijana, hapo unasema kweli. Mimi mwenyewe sina daftari la kumfuata mtu akihama. Mtoto akihama shule anahamishwa na barua yake, jina linatoka kitabu hiki linaingia kile. Mzee akihama, linatoka tu.

Nataka tukae kwenye maneno hayo. Kwa mtoto tumeweza. Kwa mama mjamzito tumeweza: anabeba kadi ya kliniki, akijifungulia popote kadi inasomeka. Kwa ng'ombe pia tumeweza, kwani akiuzwa mnadani ana kibali cha kusafirishia mifugo kinachoeleza ametoka wapi anakwenda wapi. Mzee akihama, jina lake linafutwa kule na huku haliandikwi, halmashauri zote mbili zinampenda na zote mbili hazimjui. Sioni kama ni uchoyo wa mtu. Rejesta iliundwa kwa kudhani kwamba mzee hatembei. Mzee wa Mbulu na Hanang anatembea, anahama mara nyingine akiwa na miaka 75, kwa sababu wanawe wamehama, mwenzake amekufa, mvua imekataa au mlima umeporomoka.

Mlima uliporomoka kweli. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakapita katikati ya Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Walionusurika walihifadhiwa kwanza kwenye kambi za muda, kisha wengine wakajengewa nyumba mpya Waret, katika kijiji cha Gidagamowd. Majina hayo yote mawili umeshayasoma hapo juu, kwenye orodha ya mashamba ya ngano. Mzee aliyehamishiwa huko alipoteza ng'ombe, shamba na majirani, na kwenye tope lile lile alipoteza sanduku la bati lenye kadi zake zote.

MZEE: Kadi zangu mimi zipo. Zitazame.

Anafungua pindo la shuka lake. Ndani mna mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni mna karatasi zilizokunjwa mara nne: kadi ya chama, cheti cha hospitali cha miaka ile, risiti ya dipu. Zimevunjika kwenye mikunjo. Hakuna hata moja inayoandika mwaka aliozaliwa.

MZEE: Nilipokwenda kuandikisha kitambulisho cha taifa, yule binti alinishika mkono akakibonyeza kidole changu kwenye kioo. Akakifuta kwa kitambaa, akakibonyeza tena. Vidole vyote kumi. Akaniambia, babu, alama zako hazisomeki. Nikamwambia, binti yangu, hivyo vimeshika fimbo na kamba za ng'ombe miaka sitini, alama utazipata wapi?

MUUGUZI: Kwangu umri haunisumbui sana. Namuuliza mzee: Uhuru ulikukuta unafanya nini? Azimio la Arusha? Operesheni Vijiji ilipokuhamisha ulikuwa na watoto wangapi? Wakati wa vita vya Amin mtoto wako wa kwanza alikuwa anasoma? Baada ya maswali manne najua kama amefika sitini. Tatizo ni kwamba jibu langu halina muhuri.

DIWANI: Na muhuri tukikupa wewe, kesho na mwenzako atataka.

MUUGUZI: Usinipe mimi. Lipe baraza la wazee. Kila kijiji kinatakiwa kuwa na baraza la wazee, si ndivyo? Kazi yake kwa sasa ni ipi, ukiacha kuitwa Oktoba mosi kuimba na kupigwa picha? Mzee mgeni akifika, apelekwe kwao. Wakae naye nusu siku. Wazee wakizungumza wanajuana: ukoo wake, rika lake, aliyemwoa, mvua aliyoikimbia. Watatu wakitia dole gumba kwamba huyu ni mzee, anaishi hapa, hana kitu, aandikwe siku hiyo hiyo.

AFISA USTAWI: Na kama dole gumba halisomeki?

MUUGUZI: Wino unasoma, kaka yangu. Kinachokataa ni mashine.

Mimi niko upande wa nesi, na sitajificha nyuma ya wahusika wangu. Jamii za huku zilikuwa na njia za kumpokea mgeni muda mrefu kabla ya fomu. Mgeni aliulizwa ukoo, akaonyeshwa mahali pa kujenga, akawa na mtu wa kumsimamia. Kumtaka alete barua kutoka kijiji alichokihama, kilicho umbali wa nauli ya kwenda na kurudi na usiku mmoja wa kulala stendi, ni kumtaka anunue huduma tunayodai ni ya bure. Diwani ana haki ya kuogopa udanganyifu. Lakini wazee watatu wa kitongoji ni wagumu kudanganywa kuliko muhuri wa mtendaji.

DIWANI: Tuseme nimekubali. Fedha? Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Nihesabie asilimia ya wazee iko wapi.

MZEE: Haipo?

DIWANI: Haipo, mzee wangu. Nikisimama barazani kuwaombea, naombea fungu ambalo halijaandikwa. Zanzibar wao tangu Aprili 2016 wanampa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya kila mwezi. Walianza na shilingi 20,000, sasa imepanda. Kenya nao mwaka 2018 waliwafungulia wazee wote wa umri huo mpango wa Inua Jamii, shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Sisi bara tunachambua kwanza nani maskini, na uchambuzi wenyewe unafanywa na kijiji ambacho hakimjui mgeni.

MJUKUU: Ndiyo maana mimi nasema umri ungetosha, mheshimiwa. Umri hauna kijiji.

DIWANI: Hilo si la halmashauri, kijana wangu. Hilo ni la Bunge.

Kweli ni la Bunge, na Bunge limeshapita karibu yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ndani yake serikali inabeba mzigo wa kuwalipia wasio na uwezo. Kwa mzee wa Basotu au Yaeda ni habari njema, ila ina sharti: ili alipiwe, lazima kwanza atambuliwe. Orodha ambayo jana ilimkosesha vidonge itamkosesha bima. Ndiyo sababu nasema suala la mzee mhamiaji lisingoje sheria nyingine. Litengenezwe sasa, daftarini, kabla daftari lenyewe halijaingizwa kwenye kompyuta pamoja na mapengo yake.

AFISA USTAWI: Naombeni niseme jambo moja la usafiri. Mnadhani sitaki kuwafuata. Kata ninazosimamia ni nyingi, pikipiki ya ofisi ikipata mafuta wiki hii, wiki ijayo haina. Kutoka makao makuu hadi kitongoji cha mwisho masika ni siku nzima.

MJUKUU: Kwani wewe uwafuate vitongojini, afisa? Wao wanakuja. Tazama pale.

Anaonyesha uwanja wa mnada. Na kweli wapo. Wazee wa shuka nyekundu na za rangi ya udongo wamesimama na fimbo kati ya ng'ombe, wengine hawauzi wala hawanunui, wamekuja kusikia habari na kula nyama choma. Mnada wa Katesh, wa Basotu, wa Haydom: hakuna ofisi ya serikali inayokusanya wazee wengi hivyo kwa siku moja. Ushuru wa mifugo tunaukusanya palepale, kwa meza, kiti na mashine ya risiti. Meza ya pili ingegharimu nini? Mezani akae mwandikishaji, pembeni wakae wazee wawili wa baraza, na nesi mwenye kipimo cha presha.

MUUGUZI: Na ipo njia nyingine ambayo haihitaji hata mnada. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955, imekuwa ikipeleka gari vijijini kwa kliniki ya mama na mtoto. Mizani inatundikwa mtini, watoto wanapimwa, wanachanjwa. Bibi ndiye aliyemshika mtoto wakati mama anaandikwa! Amekaa pale saa tatu, ana presha, ana mtoto wa jicho, hakuna aliyemuuliza. Gari limefika, mafuta yameshachomwa. Tunapima mjukuu kilo, bibi tunamwacha akunje kanga arudi nyumbani.

Hilo la bibi ndilo lililonifanya niandike, na mpaka hapa bibi mwenyewe hajasema. Amekaa kwenye gunia, pembeni ya mjukuu wake, macho chini. Kila mara diwani anapomaliza kusema, mjukuu humnong'oneza maneno mawili matatu ya Kiiraqw, naye hutikisa kichwa.

AFISA USTAWI: Bibi, shikamoo. Wewe unasemaje? Shida yako hasa ni nini ukifika kituoni?

MJUKUU: Anasema marahaba. Anasema... anasema miguu tu. Miguu inamuuma.

MUUGUZI: Miezi mitatu sasa anakuja na miguu tu. Ninampa dawa ya maumivu, anakwenda, anarudi. Mjukuu wake kijana mwema, ananitafsiria vizuri. Lakini ninamwona anavyokaa, anavyoinuka. Mwanamke aliyezaa watoto tisa nyumbani hawezi kumwambia mjukuu wa kiume maradhi ya uzazi. Hata mimi nisingemwambia wangu. Mkalimani tunaye, ila ni mkalimani asiyeweza kuambiwa.

DIWANI: Hapo kituoni kwenu hakuna mwanamke anayejua Kiiraqw?

MUUGUZI: Mimi nimetoka Mtwara, mheshimiwa. Wenzangu ni Mwanza na Kagera. Tumepangiwa. Anayejua ni mama anayefagia, na yeye halipwi kwa kutafsiri, akiitwa ndani deki inamngoja. Kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanawake wa vijiji hivi hivi, wanajua Kiiraqw, wapo wanaojua na Kibarabaig. Siku mbili kwa wiki wakae kituoni, wapewe posho kama watu walio kazini. Tuandike kwenye kadi ya mzee anasema lugha gani. Mstari mmoja tu.

AFISA USTAWI: Mstari huo naweza kuuweka. Huo hauhitaji baraza la madiwani.

Upande wa pili wa uwanja anapita mama mmoja, mhudumu wa afya wa kijiji, na daftari lake kwapani. Nesi anamwita. Anakuja, anachuchumaa mbele ya gunia, anamsalimia bibi kwa Kiiraqw, salamu ndefu ya nyumbani na watoto na ng'ombe na mvua. Bibi anainua macho kwa mara ya kwanza. Anamtazama mjukuu wake. Kijana anaelewa, anasimama, anakwenda kwenye pikipiki yake na kutupa mgongo, anajifanya anakagua mnyororo.

Diwani naye anainuka, anamshika mzee wa Kibarabaig mkono, wanasogea kivulini upande wa pili wa mgunga. Afisa anafunga faili. Bibi anasema kwa sauti ya chini, muda mrefu, na yule mama anaandika.